Dogo, dagaa na ofa ya Nairobi: kisa cha kijana wa Mwanza aliyeitwa na kampuni kubwa ya teknolojia

Kisa ni cha mtoto wa mama mdogo, nitamwita dogo maana ndo ninavyomwita hata nyumbani. Anaandika programu, kasoma chuo hapahapa Mwanza, na kampuni moja kubwa ya teknolojia ya Marekani yenye ofisi Nairobi ikampa ofa. Kampuni siitaji, haina haja, zote mnazijua na mikataba yao haipishani sana. Ukoo mzima ukaingia kwenye hiyo ofa, kila mtu na lake, na kwa kuwa mimi nimewahi kufanya kazi kampuni ya aina hiyo kabla sijarudi nyumbani, nikaletewa makaratasi niyasome. Dogo karuhusu niandike mradi jina lisitoke. Naandika kwa sababu vijana wanaouliza kuhusu hizi kampuni mtaani wanapewa majibu mawili tu, nenda kuna hela, au usiende watakupunguza, na kwenye kisa hiki hela ilikuwepo na hofu ya kupunguzwa ilikuwepo ila kiini hakikuwa hapo, kiini kilikuwa kwenye kurasa za mkataba ambazo dogo aliziruka.

Tuanze alipokuwa. Ofisi yao iko Kirumba, watu hawafiki kumi, wanatengeneza mfumo wa hesabu kwa wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni. Kama hujui Mwaloni, ni soko la samaki na dagaa kando ya ziwa, mzigo unaingia kwa boti kutoka Ukerewe na visiwa vingine, unapakiwa kwenye malori, na wanunuzi wanatoka mpaka Kongo. Sasa dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki, kwa hiyo maisha yote ya biashara hii yanakwenda kwa giza. Giza likianza watu wanaingia ziwani, mwezi ukikomaa wanatoka, wanashona nyavu, wanapumzika, tajiri anakaa na wavuvi wanapiga hesabu za mafuta, chakula na kila mtu kapata nini. Wale wafanyabiashara walikuwa wameshauziwa mfumo na watu wengine, ukawa unafunga hesabu tarehe 30 ya mwezi kama duka la dawa, hakuna aliyeutumia hata msimu mmoja. Dogo ndo aliyekuja na wazo la kufunga hesabu kwa giza. Kitu kidogo ukikisikia lakini ndo kilichouza mfumo wote, na hakukisoma popote, alikwenda Mwaloni alfajiri akakaa na akina mama na makuli akauliza maswali ya kijinga mpaka wakamzoea.

Hiyo ndo raha ya kampuni ndogo na sitaki mtu aidharau. Unamwona anayetumia kazi yako, ukikosea anakutukana usoni kwa Kisukuma, ukipatia anakupa sato wa kupeleka nyumbani. Dogo alikuwa anashika kila kitu kuanzia seva mpaka kufundisha wateja.

Ila kushika kila kitu kuna upande wake. Hakuna mtu wa kukagua kazi yake, marekebisho alikuwa anayafanya moja kwa moja kwenye mfumo wateja wakiwa wanautumia, kikiharibika analala ofisini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima, simu zote za Mwaloni zilimpigia yeye, kama vile yeye ndo kazamia kuikata. Mshahara nao ulikuwa unafuata mwezi wa angani, yaani mbalamwezi ikiingia matajiri hawalipi, matajiri wasipolipa bosi hana, bosi akiwa hana dogo anakopa kwa mama. Na NSSF, sheria inataka jumla ya asilimia 20 ya mshahara ipelekwe kila mwezi, nusu yake angalau itoke kwa mwajiri, lakini kwa miaka yake ya mwanzo pale haikuwa inapelekwa kabisa. Bosi si mtu mbaya, namfahamu, anamwita dogo mdogo wangu na anamaanisha, lakini udugu haulipwi pensheni.

Basi ofa. Ilikuja na mafungu matatu, mshahara wa msingi, bonasi ya mwaka na hisa. Dogo akajumlisha yote matatu, akagawa kwa kumi na mbili, akageuza kwa shilingi, akamwonyesha mama namba, mama akakaa chini. Mimi nikamwambia tuigawanye tena.

Hisa za hizi kampuni kwa kawaida hupewi siku ya kwanza, unaahidiwa, halafu zinakuwa zako kidogokidogo kwa miaka minne. Nyingi zina sharti kwamba usipomaliza mwaka wa kwanza huambulii hata moja. Amazon kwa miaka mingi ndo walikuwa na mpango wa kuvuta zaidi, asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, halafu 40 na 40, kwa hiyo utamu wote uko nyuma na anayeondoka mapema anaacha karibu kila kitu mezani. Na siku zinapokuwa zako kwa kawaida zinahesabiwa ni kipato, zinakatwa kodi siku hiyohiyo hata kama hujauza. Halafu bei. Septemba 2021 hisa moja ya Meta, wenye Facebook, ilikuwa inapita dola 370. Novemba 2022 ilikuwa chini ya 90. Chukua mtu aliyeahidiwa hisa za dola 40,000 ile bei ya juu, ni kama hisa 108, kwa dola 90 anabaki na 9,720. Huyo mtu hajafanya kosa lolote kazini, anaweza akawa ndo mfanyakazi bora wa mwaka. Ndiyo, baadaye bei ilipanda sana, mwaka 2024 ikavuka dola 500, aliyevumilia alicheka, lakini kodi ya nyumba haisubiri mtu avumilie.

Kwa hiyo nikamwambia, dogo, chukua mshahara wa msingi peke yake, toa kodi ya Kenya, ambayo ngazi ya juu kabisa ni asilimia 35 kwa kinachozidi shilingi za Kenya 800,000 kwa mwezi wakati huku kwetu ya juu ni 30, ila kwetu unaifikia mapema sana, ukivuka milioni moja ya Kitanzania tu. Toa bima yao ya afya asilimia 2.75, toa ile tozo ya nyumba asilimia 1.5, toa pango la Nairobi, toa hela ya mama, kinachobaki ndo mshahara wako. Hisa na bonasi zihesabu ni mvua, ikinyesha unalima. Tukafanya hivyo na namba iliyobaki bado ilikuwa mara kadhaa ya anachopata Kirumba, tena inaingia tarehe ileile kila mwezi mbalamwezi iwepo isiwepo. Kwa hiyo hela hapo haina ubishi, wanaosema hela za kampuni kubwa ni kelele tu mara nyingi hawajapiga hesabu.

Mjomba ana mitumbwi Igombe, ndo mzee wetu kwa mambo ya kazi. Dogo akaenda kumuaga kabla hata hajaamua, adabu ndo inavyotaka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Eti unakwenda kwa Wakenya?"

"Kampuni ya Wamarekani mjomba, ofisi ndo iko Nairobi."

"Na bosi wako anakaa wapi?"

Dogo akakwama. Kiukweli meneja wake alikuwa nchi nyingine, timu imegawanyika sehemu tatu, Nairobi wapo wachache. Mjomba akasema tajiri asiyekaa mwaloni hajui nani anavuta nyavu na nani analala, siku hela ikipungua anakata jina kwenye daftari tu. Sijui kama alijua amegusa wapi lakini hilo ndo swali zito kuliko yote kwa ofisi za Afrika za hizi kampuni.

Angalia yaliyotokea. Kati ya mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2023 Meta walitangaza kupunguza watu 11,000, Amazon 18,000, Microsoft 10,000, Google 12,000, na kuna wa Google waliogundua hawana kazi baada ya akaunti zao kukataa kufunguka asubuhi. Hapo hujaangalia Afrika. Twitter walitangaza Aprili 2021 kwamba watafungua ofisi Accra, watu wakashangilia bara zima, Novemba 2022 baada ya kampuni kubadilisha mmiliki karibu wafanyakazi wote wa Accra wakaondolewa siku chache tu baada ya kuhamia kwenye ofisi yenyewe, wakalazimika kutafuta mwanasheria wa kudai stahiki zao. Microsoft walifungua vituo vya wahandisi Nairobi na Lagos mwaka 2019, mwaka 2024 zikatoka habari za kufungwa kile cha Lagos, cha Nairobi kikabaki. Kwa hiyo mtu wa Nairobi hawezi kusema hatujawahi kuona.

Lakini hapo nikapishana na mjomba kidogo. Kupunguzwa na kampuni kubwa na kuishiwa na kampuni ndogo, kipi kibaya? Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ukiondolewa kwa kupunguza watu inataka ulipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza, na taarifa ya mwezi mmoja. Kwetu sheria ya 2004 ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Hizi kampuni kubwa mara nyingi zinaongeza juu ya hapo kwa kuogopa jina lao kuchafuka. Kampuni ndogo ikiishiwa, kwenye makaratasi haki unayo hiyohiyo, ila unamdai nani? Bosi mwenyewe kauza gari. Usalama wa kampuni ndogo ambao watu wanausifia mara nyingi ni kwamba bosi anakupenda, na kupendwa ni kitu kizuri sana mpaka siku tajiri wawili wakubwa wa Mwaloni wanapoacha kulipa kwa pamoja. Hili lilishawahi kutokea. Ndo maana nasema hofu ya kupunguzwa peke yake haikutosha kumzuia dogo.

Kuna jambo nililoliangalia mapema kabla ya yote nalo likaisha haraka, mwajiri ni nani kwenye karatasi. Wapo wanaosema nafanya kazi kampuni fulani kubwa kumbe wameajiriwa na wakala. Mwaka 2019 The New York Times waliripoti kwamba Google ilikuwa na wafanyakazi wake kama 102,000 na wa muda na wa mikataba kama 121,000, yaani wa pembeni walikuwa wengi kuliko wenyewe. Nairobi hapohapo kuna kesi zilizokwenda mahakamani za watu waliokuwa wanachuja picha na video za kutisha za Facebook wakiwa wameajiriwa na Sama, si Meta. Jengo linaweza kuwa zuri, bima na hisa huna. Ya dogo ilikuwa ajira kamili na kampuni yenyewe tawi la Kenya, tukasonga.

Alichokuwa anakitaka dogo kwa dhati, ukiacha hela, ni kujifunza, na hapa nilimuunga mkono bila kusita. Miaka minne Kirumba hakuwahi kupata mtu mmoja aliyemzidi wa kumwambia hapa umeandika vibaya. Kampuni kubwa hakuna mstari unaingia bila mwenzako kuusoma, na kuna watu wanasoma kwa ukali hasa. Nilipokuwa kule nilipata mzee mmoja alikuwa ananirudishia kazi ina maoni mengi kuliko programu yenyewe, nilimchukia, mpaka leo nikiandika kitu namsikia. Na ukubwa wa mambo ni kitu kingine. Mwaka 2016 wahandisi wa Google waliandika kwamba karibu programu zao zote zinakaa kwenye stoo moja yenye mistari kama bilioni 2 inayotumiwa na waandishi wa programu 25,000, sasa fikiria nidhamu inayohitajika ili watu hao wote wabadilishe vitu kila siku na visianguke. Huwezi kuijifunza hiyo nidhamu Kirumba, si kwa sababu Kirumba ni wajinga, ni kwa sababu haijawahi kuhitajika.

Ila nikamwambia pia nini hatakipata. Atapewa kipande. Anaweza kukaa miezi anashughulikia kitu ambacho mtumiaji hata hakioni, mikutano ya kukubaliana tutakutana lini, karatasi za kueleza utafanya nini kabla hujafanya, idara tatu zitoe ruhusa. Yule aliyekuwa anabadilisha mfumo mzima mchana mmoja kwa sababu mama mmoja wa Mwaloni kalalamika, kule mchana mmoja unatosha kuomba ruhusa ya kuuangalia tu.

Dogo akanijibu vizuri, akasema kaka, mbona EC2 ilitoka Cape Town? Na ni kweli. Ile huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta kwa intaneti, iliyotoka kwa majaribio Agosti 2006 na kuwa msingi wa biashara yao kubwa ya leo, ilijengwa na timu ndogo Afrika Kusini, baada ya Chris Pinkham aliyekuwa anaongoza mambo ya miundombinu kutaka kurudi kwao. Mfano mzuri kabisa, unaonyesha ofisi ya mbali inaweza kuzaa kitu kikubwa. Lakini angalia kilichofanya iwezekane, Pinkham alikuwa tayari mkubwa, anajulikana makao makuu, alikwenda Cape Town na imani yao mkononi. Dogo anaingia bila kujulikana na mtu. Kuwa mbali kulikuwa uhuru kwa Pinkham, kwa mgeni ni kusahaulika.

Na kusahaulika kunaumiza kwenye tathmini. Kampuni hizi zinapima watu kila mwaka au nusu mwaka, meneja anakwenda kukutetea kwenye kikao ambacho wewe haupo, kila mmoja ana watu wake. Microsoft walikuwa na ule utaratibu wa kupanga watu kwa mafungu ambapo lazima wengine wawe chini hata kama timu nzima ni nzuri, ulichukiwa sana, wakauacha Novemba 2013. Majina yamebadilika lakini ushindani bado upo sehemu nyingi. Anayepandishwa mara nyingi ni aliyezindua kitu kipya, aliyehakikisha cha zamani hakifi hana cha kusimulia. Dogo kwa tabia ni wa pili, ni fundi, anapenda kitu kikae sawa, kujisifu hawezi, tumelelewa hivyo, mtoto anayejisifu mbele ya wakubwa anaonekana hana adabu. Nikamwambia kule itabidi kila wiki uandike umefanya nini na nani kafaidika na umpelekee meneja bila kuombwa. Akaona aibu hata kunisikiliza.

Mchumba wake ni mwalimu Sengerema. Zamani kufika kwake ilikuwa kusubiri kivuko Kigongo, sasa daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, dakika chache umeshavuka, na jamaa ndo kwanza anataka kwenda mbali. Yeye hakukataa, aliuliza tu likizo ni ngapi. Kenya sheria ni angalau siku 21 za kazi, Tanzania ni siku 28 za mfululizo ambazo wikendi zimo ndani, ukihesabu utaona hawapishani kihivyo. Na kwa barabara Mwanza kwenda Nairobi kupitia Musoma na Sirari ni karibu kuliko kwenda Dar, hilo lilimtuliza mama zaidi kuliko hesabu zote za hisa.

Sasa zile kurasa.

Wakati haya yote yanaendelea dogo alikuwa keshamwahidi bosi wake kitu. Alimwambia kaka usiwe na wasiwasi, nitakuwa nawasaidia usiku na wikendi, mfumo hautalala. Aliahidi kwa moyo safi na bosi akakubali kwa moyo safi, wakashikana mikono. Mimi nikafungua mkataba nikakuta vitu viwili. Cha kwanza, hutafanya kazi nyingine yoyote, ya malipo au bila malipo, bila ruhusa ya maandishi. Cha pili, chochote utakachobuni ukiwa mfanyakazi kinachohusiana na biashara ya kampuni au inayotarajia kufanya, ni mali ya kampuni, na haijasema kama ni saa za kazi au saa tano usiku sebuleni kwako. Sasa niambie, kampuni inayofanya malipo, ramani, hifadhi ya data, programu za ofisi na akili bandia, ni kitu gani hakihusiani na biashara yake? Mfumo wa hesabu za dagaa unaingia mlango wa mbele kabisa.

Vifungu hivi si uchawi wala wizi, viko kila mahali kwenye kampuni hizi. Kule California ambako mikataba mingi ya namna hii imezaliwa, kifungu cha 2870 cha sheria yao ya kazi kinamlinda mfanyakazi kwa kitu alichobuni kwa muda wake na vifaa vyake mwenyewe, isipokuwa kinapogusa biashara ya mwajiri. Lakini dogo anaajiriwa Nairobi, hiyo sheria haimfuati, anabaki na kilichoandikwa kwenye karatasi yake.

Na mbaya zaidi, dogo alikuwa na kakitu kake mwenyewe, si cha ofisi, kalenda ya giza na mbalamwezi ambayo mvuvi angeipata kwenye simu ya kitochi kwa kubonyeza namba, na ndani yake anaandika madeni yake madogomadogo. Alikuwa anakatengeneza taratibu, ndo ndoto yake. Akaniuliza na hii itakuwa yao? Nikamwambia ukiendelea kuijenga ukiwa kule bila kusema, ubishi wake utausikia mahakamani.

Hapa ndipo nilipoona faida na hasara zinabadilisha sura. Watu wanabishana mshahara na kupunguzwa, lakini kampuni kubwa hainunui saa nane zako, inanunua na mawazo yako ya Jumamosi, na bei imeshaingia mle kwenye ule mshahara mnono. Kama Jumamosi zako hazina kitu, umelipwa kwa kitu usichonacho, safi sana, saini leo. Kama zina kitu basi kijue na ukitaje kabla ya kusaini. Dogo alikuwa na vitu viwili, kimoja cha bosi na kimoja chake, na kila kimoja kilihitaji jibu lake.

La kalenda lilikuwa na njia. Mikataba hii mara nyingi ina kiambatisho cha kuorodhesha ulivyotengeneza kabla hujaajiriwa, watu wengi wanaandika hakuna wanapita. Dogo akaandika, jina, inafanya nini, imefika wapi, tarehe, akaambatisha picha za skrini, akapeleka kwa mtu wa ajira. Wakauliza maswali mawili matatu kwa imeili, wakakubali ibaki yake kama ilivyo siku hiyo. Kuiendeleza ni lazima aombe ruhusa akishaingia, na ruhusa inatoka kwa meneja yule ambaye mjomba aliuliza anakaa wapi. Si ushindi kamili lakini ni mbali sana na kutoandika kitu.

La bosi halikuwa na njia. Aliuliza, akajibiwa kwa upole kwamba kusaidia biashara ya mtu mwingine yenye wateja wanaolipa haitawezekana, hata bure. Ikabidi dogo arudi Kirumba akavunje ahadi. Nilimwambia usipige simu, nenda. Akaenda. Bosi alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza tu, unaondoka giza au mbalamwezi? Swali la mtu wa Mwaloni hilo. Sheria inataka taarifa ya angalau siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, dogo akatoa zaidi ya hapo ili aondoke mzigo umeshafungwa hesabu, na huo muda wote akawa anaandika kila alichokuwa anakijua kichwani, neno la siri liko wapi, seva inawashwaje, kwa nini mteja fulani hesabu zake zinagawanywa tofauti. Miaka minne hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja. Hiyo tu inakuonyesha kampuni ilikuwa imekaa juu ya kichwa cha mtu mmoja, na bosi na dogo wote waliuita huo udugu.

Dogo kaenda. Meneja anamwona kwenye skrini tu, mshahara unaingia, kazi yake ya kwanza ilirudishwa ina maoni mpaka akanitumia picha usiku akiuliza kaka hivi hawa wananichukia. Ombi la kalenda ameliwasilisha, bado linazunguka. Kirumba bosi alimpata binti mmoja katoka chuo juzi, anasoma yale maandishi ya dogo na anakwenda Mwaloni alfajiri kama yeye, ila tofauti na dogo huyu alidai mkataba wa maandishi na NSSF tangu mwezi wa kwanza, na bosi, alivyokuwa ameshaonja kuachwa, akatoa vyote na mshahara juu kidogo ya aliokuwa anampa dogo. Dogo aliposikia alinuna wiki nzima.